Mdomo wa Lyle Kovanda

Lyle Kovanda alikuwa na mdomo tangu utotoni, na kwao Kestrel, mji mdogo wa Nebraska wenye maghala ya mahindi marefu kuliko mnara wa kanisa, watu walimpendea mdomo huo. Baba yake, Emil, alikuwa akilisha ng'ombe wa watu, na angeweza kumaliza siku nzima bila kutamka neno. Msemaji wa nyumba alikuwa mama. Yeye alikaa kwenye kaunta ya duka la vyakula, na hakuna mteja aliyetoka pale bila kuchekeshwa au kuulizwa habari za mgonjwa wake. Lyle alimrithi mama. Walimu walimtoa darasani kwa porojo, kisha wakamrudisha kwa sababu darasa lilikuwa limepoa mno.

Besiboli ikaupa mdomo huo kazi. Alipofika sekondari, kocha alimfanya mdakaji, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuupokea mpira unaorushwa. Mdakaji anakuwa karibu na mpigaji kiasi cha kusikia anavyohema, na mwamuzi husimama nyuma ya wote wawili. Hapo ndipo Lyle alipogundua kwamba mpigaji akichekeshwa, au akiulizwa kama yule dada aliyekaa na wazazi wake ni mchumba ama binamu, gongo lake huchelewa kidogo. Na kuchelewa kidogo kunatosha kumkosesha mpira.

"Umekula nini leo?" alikuwa akinong'ona. "Unanukia vitunguu, na mrushaji wetu vitunguu vinamsumbua. Akipiga chafya, mpira utakupata wewe."

Wengine walicheka, wengine walimwambia afunge bakuli lake. Hakuna aliyeumia.

Besiboli hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka chuo cha Pruett, ambako alisoma mambo ya mwili wa binadamu ili siku moja awafanyishe mazoezi wagonjwa waliovunjika na waliopasuliwa. Timu ya Pruett ilikuwa chini ya Kocha Ostrander, mtu mfupi mwenye shingo nene, aliyekuwa na hotuba moja ambayo kila mchezaji aliijua kwa moyo.

"Wacheza mpira wamejaa kila kona," alikuwa akisema. "Mimi nataka mtu ambaye mama mwenye nyumba akimwona mlangoni, anafungua. Asome, acheze, awe na adabu, awasaidie majirani. Asiyeweza yote manne, akanunue tiketi akae na watazamaji."

Lyle aliyaweza yote manne. Alifaulu mitihani, alidaka kila mechi, hakulewa, na ulipofika wakati wa kugawana kazi za kujitolea alichagua ile ambayo wenzake waliikwepa: kuwapelekea chakula cha mchana wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Chakula kilipikwa katika jiko la kanisa la Kilutheri, viazi vya kupondwa, nyama, maharage mabichi na kipande cha keki, na Lyle alikizungusha kwa gari la kanisa kila Jumanne na Ijumaa. Wazee walimpenda. Mmoja alisema sauti ya Lyle ukumbini inamtosha kuliko televisheni.

Nyumba aliyoipenda zaidi ilikuwa ya Bibi Arlene Fenske, mjane aliyekuwa ametoka kupasuliwa nyonga. Kazi yake Lyle ilikuwa kukabidhi chakula na kwenda zake, lakini Bibi Fenske hakuwa mtu wa kukabidhiwa chakula mlangoni.

"Ingia, funga mlango, unanitolea joto nje," alimwambia siku ya kwanza. "Na hilo gazeti kwenye kiti lisukume tu. Unasoma nini huko chuoni?"

"Mifupa, Bibi. Misuli na mifupa."

"Basi kaa nikuulize. Mimi nina mifupa mingi na yote inauma."

Ikawa desturi. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika mzunguko, kwa hiyo Lyle alikaa. Alikuja na kadi zake za kujifunzia, bibi akavaa miwani na kumhoji huku viazi vikipoa.

"Klavi... klavi nani huyu?"

"Klavikula, Bibi. Huu hapa, chini ya shingo."

"Si useme mtulinga tu, tuelewane! Mnapelekwa chuoni mkapewe majina ya kuwatishia wagonjwa."

Lyle alicheka mpaka akapaliwa na keki. Alimpenda bibi yule. Jambo hilo lisitiliwe shaka, na yeye mwenyewe baadaye lilikuwa likimtesa kuliko mengine: kwamba alimpenda, na bado akafanya aliyoyafanya.

Bibi Fenske alikuwa na mjukuu, Tobin, naye mcheza besiboli, ila alichezea chuo cha Tolliver, mahasimu wakubwa wa Pruett. Bibi alimtania Lyle kwa hilo kila alipokuja. "Ninamlisha adui," alisema, huku akimwongezea keki. Siku moja theluji ilianguka kwa nguvu, gari la kanisa likakwama mbele ya nyumba yake, na wakakaa muda mrefu kuliko kawaida wakingoja barabara isafishwe. Lyle alimsimulia habari za baba yake asiyesema. Bibi naye, akitazama theluji dirishani, akamsimulia habari za Tobin.

Mama yake Tobin, ambaye alikuwa binti ya bibi, alikufa gari lake lilipoteleza kwenye barafu, mtoto akiwa darasa la pili. Tobin aliacha kusema. Msimu wote ule wa baridi hakusema na mtu, na usiku alilala ameshika gauni la nyumbani la mama yake, la njano lenye maua. Likachakaa mkononi mwake. Alipoanza kucheza mpira, bibi alikata kipande cha mwisho kilichobaki kizima na kukishonea ndani ya mkanda wa suruali yake ya kuchezea, upande wa kulia.

"Mpaka leo," alisema Bibi Fenske. "Kila mwaka wakimpa suruali mpya, ananiletea nihamishe kile kitambaa. Dume zima lile! Kabla ya kila mpira anakigusa. Watu hudhani anapandisha suruali." Kisha akamgeukia Lyle. "Hakuna anayejua. Nimekwambia wewe kwa sababu una mama anayekupenda, utaelewa. Usimwambie mtu."

"Siwezi, Bibi," alisema Lyle, na alisema kweli kwa siku ile.

Wakati wa machipuko, timu ya Tolliver ilikuja Pruett. Mwaka ule Tobin Fenske alikuwa akipiga kila kitu kilichorushwa. Kabla ya mechi, Kocha Ostrander aliwakusanya vijana wake chumba cha kubadilishia nguo.

"Huyu Fenske anagusa kiuno kabla ya kila mpira. Kwa nini?"

"Suruali kubwa," alisema mmoja.

"Kupe," alisema mwingine, na chumba kizima kikaangua kicheko.

"Chekeni. Mkishapigwa tutaona nani anacheka. Lyle, wewe ndiye daktari wetu. Mtafutie dawa."

Lyle alihisi neno linampanda kooni, akalimeza. Alijisifu moyoni kwamba amelimeza.

Mechi ikawa ngumu. Ikafika zamu ya mwisho ya Tolliver kupiga, Pruett wakiwa mbele kwa pointi moja tu. Tolliver walikuwa na wakimbiaji wawili vituoni, na mpigaji mmoja tu aliyebaki kabla ya mchezo kwisha. Mpigaji huyo alikuwa Tobin. Mrushaji wa Pruett alikuwa Ignacio Bracamonte, kijana wa kwao Lexington ambaye wenzake walimwita Nacho. Alikuwa amechoka, na mipira yake ilikuwa imepungua kasi.

Lyle alianza na mizaha yake ya kawaida. "Bibi yako anajua uko hapa? Maana amenilisha mimi leo."

Tobin alitabasamu. "Kaka, wewe huchoki kusema?"

Mpigaji akikosa mara tatu, ametoka. Mpira wa kwanza Tobin aliukosa. Wa pili aliugonga, ukapaa juu ya uzio, ukatoka nje ya mstari kwa upana wa kiganja, nao ukahesabiwa kosa la pili. Ungepita ndani, Tolliver wangeongoza kwa pointi mbili. Watu wa Tolliver walikuwa wamesimama wanapiga kelele. Nacho alikuwa amejishika magoti. Tobin akarudi mahali pake, akagusa kiuno upande wa kulia.

Na Lyle, kwa ile sauti ya chini aliyotumia kwa habari za vitunguu, akasema: "Lishike vizuri gauni la mama, Tobin. Lisije likadondoka watu wakaliona."

Tobin aligeuza kichwa. Lyle alitegemea hasira, na hasira angeijibu. Lakini hakuona hasira. Aliona uso wa mtoto aliyefunguliwa mlango wa choo mbele za watu. Macho yalikwenda kwenye uso wa Lyle, yakashuka kwenye kiuno chake mwenyewe, yakarudi tena. Kisha Tobin akageuka mbele kwa sababu Nacho alikuwa tayari ameanza kurusha. Mpira ulikuja katikati kabisa, mpole, wa kupigwa na mtu yeyote. Gongo halikutoka begani.

Mwamuzi alipaza sauti, mchezo ukaisha. Wachezaji wa Pruett walimkimbilia Nacho, wakamwangusha chini kwa furaha, wakamlalia. Lyle alisimama alipo, barakoa ya uso mkononi. Mwamuzi, mzee mkulima wa Gothenburg ya huko huko Nebraska, alikuwa akijifuta vumbi magotini.

"Mimi nimewekwa hapa kuangalia mipira," alisema bila kumtazama. "Kwa hilo ulilosema sina kanuni. Laiti ningekuwa nayo." Akaondoka.

Kwenye basi dogo la kurudi bwenini kocha alimbana Lyle shingo kwa mapenzi. "Ulimpa nini yule? Alisimama kama mti!"

"Maneno tu, kocha."

"Siku moja unifundishe."

Wenzake waliimba. Nacho alikuwa kwenye simu na baba yake, akimwambia kwa Kihispania jinsi alivyomwangusha mpigaji bora wa msimu, na alikuwa akilia huku akicheka. Lyle aliegemeza kichwa kwenye kioo akajifanya amelala. Alijiambia kwamba ni mchezo, na kwamba Tobin naye angefanya hivyo hivyo. Lakini kila alipofumba macho aliukuta uso ule ukimngoja.

Wiki hiyo hiyo gazeti la mji lilitoa picha ya Lyle, iliyopigwa majira ya baridi, akimkabidhi Bibi Fenske chakula chake. Chini yake waliandika sifa: mchezaji, mwanafunzi, jirani mwema. Jumanne alipofika, picha ilikuwa imebandikwa kwenye friji.

"Nimenunua mbili," alisema bibi. "Nyingine nimempelekea Tobin, aone ninavyotunzwa. Kaa. Leo nimeoka kolachi za plamu, vile vikeki vya Wacheki wa kwenu."

Lyle alikaa. Alikula kolachi ile kama mtu anayekula karatasi. Neno lilikuwa pale mdomoni pamoja na plamu. Bibi alimwuliza kama anaumwa, akamshika paji la uso kwa mkono mkavu wenye mishipa. Lyle akasema ana mtihani, akaondoka na kadi zake mfukoni bila kuzitoa.

Ijumaa alimkuta hajavaa vizuri, nywele hazijachanwa.

"Tobin ameniudhi," alisema. "La, si yeye. Mimi ndiye niliyemuudhi. Alinipigia simu, akaniuliza nimemwambia nani habari za kile kitambaa. Nikasema sikumwambia mtu. Akasema, 'Bibi, fikiri vizuri.' Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Pengine nilisema kanisani, tukishona mablanketi. Wanawake wale wakianza kusimulia, nawe unajikuta umesimulia. Nimekuwa mzee, Lyle. Maneno yananidondoka kama meno." Alikaa kwenye kiti kwa shida, akinyoosha ule mguu mbovu. "Ninayekumbuka hasa kumwambia ni wewe peke yako, na wewe si mtu wa hivyo."

Lyle alisikia masikio yanawaka. Aliweka chakula mezani. Alisema, "Kula kingali moto, Bibi," akatoka.

Aliketi ndani ya gari la kanisa, funguo mkononi. Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa akikata nyasi. Lyle alifikiria kurudi bwenini, na akaona waziwazi jinsi ingekuwa rahisi: bibi angeendelea kujilaumu, Tobin angeendelea kudhani bibi yake amechakaa akili, na yeye angeendelea kuwa kijana wa kwenye picha. Akazitia funguo mfukoni, akafungua mlango wa gari. Akarudi, akaingia bila kubisha.

"Ni mimi," alisema. "Sikumwambia mtu mwingine. Nilimwambia yeye mwenyewe, mchezoni, ili akose mpira."

Bibi Fenske hakuelewa mara moja. "Ulimwambia nini?"

Ilimbidi ayarudie maneno yale, yote, katika jiko lile. Lyle hakuwahi kutamka kitu kigumu kama hicho. Alipomaliza, bibi alikuwa amekunja mikono mapajani na kuiangalia.

"Ulikaa kwenye kiti hicho," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Nikakuongezea keki."

Lyle alianza kusema anasikitika, lakini bibi aliinua mkono. "Usianze kunisemesha. Kusema unajua, nimeshaona. Chukua simu ile. Mpigie mjukuu wangu sasa hivi, umwambie bibi yake hajachanganyikiwa. Mwambie nilimwambia mtu mmoja tu, na nilimwambia kwa sababu nilimwamini."

Simu ilikuwa ukutani, ya zamani, na bibi alimtajia namba kwa kichwa. Tobin alipokea akidhani ni bibi. Lyle alijitaja. Alisema kila kitu kama alivyoagizwa, na akaongeza kwamba anaomba msamaha.

"Sikiliza," alisema Tobin mwishowe. "Nilipoiona ile picha nilijua. Nilitaka kumsikia yeye akisema. Nikamfokea. Sijawahi kumfokea bibi yangu maishani." Akavuta pumzi. "Mpe simu."

Lyle alimpa. Bibi alimgeuzia mgongo, akaanza kusema taratibu, "Tobin, mwanangu, Tobin," na Lyle, asiyejua kama amefukuzwa au la, alisimama kidogo katikati ya jiko la watu, kisha akatoka nje kimya kimya.

Kocha Ostrander alipoambiwa, alijikuna shingo muda mrefu. Hakupenda alichosikia, lakini hakupenda pia kuambiwa.

"Ya uwanjani yaache uwanjani," alisema. "Tuna mechi Jumamosi."

"Uliniambia nimtafutie dawa, kocha."

"Sikukwambia uende ukachimbe kaburi la mama wa mtu!" Sura ilimwiva. Akatazama pembeni. "Na mimi sikuuliza ulisema nini. Nilipaswa kuuliza. Haya, nenda."

Aliyekuwa mgumu zaidi ni Nacho. Lyle alimwita nje ya bweni akamweleza, kwa kuwa aliona ni haki yake kujua. Nacho alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo si mpira wangu," alisema.

"Ulirusha vizuri, Nacho."

"Ulikuwa mpira mbovu. Nilijua ni mbovu ulipotoka mkononi. Nilidhani Mungu amenisaidia." Alicheka bila furaha. "Baba yangu amewasimulia mtaa mzima, Lyle. Sasa nimwambie nini?"

Waliendelea kucheza pamoja mpaka msimu ukaisha, Nacho akirusha na Lyle akidaka, lakini Nacho hakuketi naye tena kwenye basi.

Timu hizo mbili zilikutana tena mwishoni mwa msimu, safari hii huko Tolliver. Lyle alichuchumaa nyuma ya wapigaji mechi nzima bila kutoa sauti, hata mwenzake mmoja akamwuliza kama koo linamuuma. Tobin alipokuja kupiga, Lyle alijitayarisha kusema neno moja la kuomba radhi ana kwa ana. Tobin alimwahi.

"Usiseme na mimi," alisema, macho mbele.

Mkono wake wa kulia ulianza kushuka kuelekea kiunoni. Ukafika nusu ya njia, ukasimama, ukarudi kwenye gongo. Ikawa hivyo kabla ya kila mpira: unaanza, unasita, unarudi. Siku ile alipiga mpira mzuri, akafika kituo cha pili, watu wake wakamshangilia. Tolliver wakashinda. Wachezaji wa Pruett walikwenda wameinamisha vichwa kwa sababu ya kushindwa, na Lyle pia aliinamisha kichwa chake, wakadhani ni kwa sababu hiyo hiyo.

Hakuacha kazi ya chakula. Alikwenda kanisani akamwambia mama msimamizi wa jiko alichofanya, akitegemea kunyang'anywa gari. Mama yule alimpigia Bibi Fenske kumwuliza kama anataka mtu mwingine. Bibi akasema wengine wote wanachelewa na chakula kinafika baridi, basi huyu aendelee, ila asiingie ndani.

Kwa hiyo mwaka wake wa mwisho wote Lyle alibisha, akangoja aisikie fimbo ikija polepole ukumbini, na akakabidhi chakula juu ya kizingiti. Bibi alisema asante. Lyle alisema karibu, Bibi. Mlango ukafungwa. Mara nyingine alisikia redio ndani, na mara moja aliona viatu vikubwa vya kiume karibu na mlango akajua Tobin amekuja, na moyo wake ukatua kidogo. Mjini watu waliendelea kumsifu. Mwenye duka la nyama alimwambia angependa mwanawe awe kama yeye, na Lyle alilipa haraka akatoka, shingo ikimwasha.

Juma la mahafali alipeleka chakula kwa mara ya mwisho. Alikuwa amepata kazi katika hospitali ndogo huko Dakota Kaskazini, ya kuwafundisha waliopasuliwa kutembea upya. Bibi Fenske alipokea chakula kama kawaida.

"Sitakuja tena, Bibi," alisema Lyle. "Nimemaliza. Kuna kijana mwingine, anaitwa Gordon. Ni mkimya."

Bibi alimtazama, na safari hii hakuharakisha kufunga mlango. "Unakwenda wapi?"

Alimtajia.

"Huko kuna baridi," alisema Bibi Fenske. Alisita kidogo, mkono kwenye kitasa. "Nunua koti la maana, si hilo."

Akafunga. Lyle alisimama barazani akisikiliza fimbo ikirudi jikoni taratibu. Alitamani kubisha tena, aseme kitu, chochote. Akashuka ngazi, akaenda kurudisha gari la kanisa.